Mkono Usiolala

Kijijini kwetu ukikaa kucheza bao unaambiwa kanuni kabla hujagusa kete. Mkono ukizunguka mara tatu bila kula na bila kulala, unakatwa na mchezo unaanza upya. Wageni wanaotoka Nyakanazi wanashangaa. Wanasema kwao mkono unaachwa utembee mpaka ulale wenyewe. Sibishani nao. Nawaambia hapa ni hivyo, na asiyetaka akae atazame.

Kanuni hiyo niliiomba mimi, mwaka 1979. Nitaeleza kwa nini.

Tulikuwa kijiji cha Ujamaa, kando ya barabara ya kutoka Lusahunga kwenda Ngara. Tulihamishiwa pale mwaka 1974, nyumba zikapangwa mistari kama madawati. Nyumba yangu ilipakana na ya Pancras. Tulichunga mbuzi pamoja tukiwa wadogo. Shule mimi niliacha darasa la nne, yeye akafika la saba, na ndiyo sababu kijiji kikampa stoo. Humo mlikuwa na mbegu, dawa ya pamba na majembe ya kijiji.

Mwaka mmoja majembe mawili yalipotea. Pancras akasimamishwa mkutanoni akahojiwa kama mwizi, mbele ya mkewe. Majembe yalionekana baadaye kwa mtu mwingine, lakini yeye siku ile hakuisahau. Tangu hapo ufunguo wa stoo aliufunga kwa kamba shingoni. Alioga nao, alilala nao. Mkewe, Deodata, alikuwa akimtania kwamba siku moja ile kamba itamkaba.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya ofisi. Siku za Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana, mwenyekiti wetu Bulugu aliigonga kwa nondo, na kila mtu alipaswa kwenda shamba la kijiji, lile tuliloliita bega kwa bega. Kabla ya kwenda unapita stoo kuchukua jembe. Pancras akichelewa, kijiji kizima kinasimama mlangoni.

Bao tulichezea upenuni kwa Audax, balozi wetu wa nyumba kumi. Ni lile la mashimo thelathini na mawili, kila mtu na safu zake mbili. Unachota kete shimoni, unazipanda moja moja kuzunguka upande wako. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota zote unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, mkono umelala na zamu ni ya mwenzako. Kula unakula pale ambapo mwenzako ana kete mbele na nyuma. Akiacha safu ya mbele tupu, humli.

Na tulikuwa na kanuni moja ya kwetu wenyewe. Anayenyanyuka kabla mkono wa mwenzake haujalala, ameshindwa. Hiyo ilitokana na Faustini. Faustini akiona anazidiwa alikuwa anakumbuka mbuzi zake. "Nisubirini nikaangalie mbuzi," halafu harudi, na kesho yake anasema mchezo haukuisha. Pancras ndiye aliyechoka. Pancras ndiye aliyesema, "Atakayenyanyuka ameshindwa, awe na mbuzi, awe na ng'ombe." Tukakubali wote, Audax akaitangaza.

Kiangazi cha mwaka 1978 nilijikata mguu kwa shoka nikakaa nyumbani wiki tatu. Nilichimba vishimo mbele ya mlango nikawa nacheza peke yangu kwa vijiwe. Siku moja nilianza mkono ukakataa kulala. Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikapanda, nikapanda, jua likahama upande wa nyumba, na vijiwe vinarudi palepale vilipoanzia, vinaondoka tena. Nilijaribu tena kesho yake nikiwa na akili timamu. Ikawa vilevile. Ukiwa na kete chache zimekaa kwa mpangilio ule, na mwenzako amejificha safu ya nyuma, mkono hauli na haulali. Ungeweza kuzunguka mpaka Pasaka.

Nilifurahi. Nilijifunza kuupata mpangilio ule kutoka pembe mbalimbali, mara tatu naukosa, mara ya nne unakuja. Sikumwambia mtu. Nilitaka nije nimchezee Pancras siku moja, nimwone anavyokaa na kukaa na kukaa, halafu tucheke.

Vita vikaja kabla ya siku hiyo.

Mwezi wa kumi na moja redio ilikuwa haisemi kitu kingine. Malori ya jeshi yalipita barabarani mchana kutwa, matawi ya miti yamefungwa juu. Jumatano moja Audax akatuita mimi na Pancras. Faustini alikuwepo pia, maana Faustini hakosekani mahali.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Kaeni." Alikuwa na karatasi mkononi. "Kila nyumba kumi zinatoa mtu mmoja aliyepita mgambo. Lori linachukua watu Lusahunga Jumamosi. Kwenye nyumba zangu mliopita mgambo ni nyinyi wawili tu. Huyu hapa alikimbia siku ya pili."

"Nilikuwa na mbuzi," Faustini akasema.

Hakuna aliyecheka. Audax akaikunja karatasi, akaikunjua.

"Novatus, wewe huna mke," akasema bila kunitazama. "Mwenzako ana mke na mtoto."

"Barua imesema waende wasio na wake?"

Akaisoma tena, midomo inacheza. "Haijasema."

"Basi tuko sawa."

Niliogopa kufa. Wengine wana sababu ya mama mgonjwa, au shamba. Mimi nilikuwa naogopa kufa, basi.

Pancras akasema, "Mwache, mzee. Siwezi kumtuma mwenzangu vitani eti kwa sababu mimi niliwahi kuoa. Tupige kura."

"Tucheze bao," nikasema.

Akageuka akanitazama, na meno yakatoka. "Wewe? Umenifunga mara ngapi tangu Pasaka?"

"Mara mbili."

"Mara moja. Ile nyingine nilikuwa na homa."

"Basi unaogopa nini?"

"Mimi niogope? Mzee, andika. Tunacheza bao, mchezo mmoja, atakayefungwa anapanda lori. Na huyu ukimwona analia Jumamosi, usimpe leso yangu."

Audax akauliza lini. Nikasema Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, maana asubuhi napanda mahindi. Sikuwa na mahindi ya kupanda. Nilikuwa nimeshahesabu saa.

Ijumaa tulikaa saa saba kasoro. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Ngara. Audax alikaa katikati, Faustini nyuma yangu, na watu wengine sita au saba. Deodata alikuwa ng'ambo ya uzio, kwenye uwanja wa nyumba yao, anapembua maharage. Wanawake wa kwetu siku zile hawakukaa kwenye ubao. Lakini alitazama, na alikuwa akiuona mchezo kuliko Faustini, hilo nililijua zamani.

Pancras alicheza kama kawaida yake. Kete zake zote alizirudisha nyuma, akaacha safu ya mbele wazi. Hakupenda kuliwa.

"Mtunza stoo," Faustini akamwambia, "hata hapa unatunza stoo?"

"Majembe hayapotei tena," Pancras akasema, na watu wakacheka, naye akacheka.

Nilimwachia ale. Nilizipunguza kete zangu makusudi mpaka Audax akaanza kuguna kwa huruma. Alidhani nimekwisha. Mpangilio ulinijia mara ya kwanza nikauacha upite, kwa sababu kivuli cha upenu kilikuwa mbali. Kulikuwa na jiwe la kunolea visu pale chini. Kivuli kikiligusa, Bulugu anatoka ofisini na nondo yake. Nilicheza nikitazama jiwe. Mpangilio ukaja tena, na kivuli kikawa kimebakiza upana wa vidole viwili. Nikachota.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili, Pancras akasogeza kigoda mbele. Wa tatu, Audax akasema, "Mkono mrefu huu."

"Anakwenda Bukoba kwa miguu," Faustini akasema.

Rimu ikagongwa.

Pancras aliinua kichwa. Mimi sikuinua. Nilisikia milango, nilisikia watu wanapita kuelekea stoo, na mwanamke anamhimiza mwenzake kwamba mvua inakuja, mbegu ziwahi. Niliendelea kupanda, moja, moja, moja.

"Stoo!" Bulugu akapaza sauti toka kule. "Pancras yuko wapi? Watu wamesimama!"

"Novatus," Pancras akasema, "simamisha kidogo nikafungue."

"Mkono haujalala."

"Nafungua mlango, narudi. Hata dakika tano hazifiki."

"Muulize balozi."

Audax alijikuna kidevu. "Kanuni mliiweka wenyewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeiweka, Pancras."

"Mimi mlininyima hata mbuzi," Faustini akasema, na mara ile hakuwa anatania.

"Mpe Faustini ufunguo apeleke," mmoja wa watazamaji akasema.

Pancras alishika kamba shingoni. Aliishika, akaivuta kidogo, halafu akaiachia. "Huu hautoki shingoni," akasema. Bulugu akapaza sauti tena, na safari hii alitaja neno majembe. Nikaona shingo ya Pancras imebadilika rangi.

Akavua kofia yake akaiweka juu ya kigoda. "Kofia yangu imekaa," akasema. "Ndiyo mimi. Narudi sasa hivi, Novatus, sawa?"

Alisimama pale akingoja niitikie. Nilijua anangoja. Niliwaza kwamba nikiitikia kwa kichwa tu, basi, yamekwisha, tutaanza upya, na huenda nikashindwa. Nikatazama kete. Akaondoka.

Nilipanda mpaka alipopinda kona ya ofisi. Kisha nikaweka mkono chini.

"Amenyanyuka," Audax akasema polepole. Watu wakatawanyika bila kuniangalia.

Pancras alirudi akikimbia, vumbi la stoo viganjani. Akakuta tuko wawili tu, mimi na balozi. "Umelala wapi?" akauliza. Audax akamwambia. Pancras akatazama ubao, akaokota kofia, akaikung'uta kwenye goti.

"Sawa," akasema. "Kanuni ni yangu."

Jumamosi nilimsindikiza mpaka Lusahunga. Deodata alibeba mtoto wao, Zita, mgongoni. Ufunguo Pancras alikuwa ameukabidhi kwa Bulugu, na pale kamba ilipokaa palikuwa na mstari mweupe kuzunguka shingo yake. Vijana walikuwa wameshajaa kwenye lori, wengine wanaimba. Alipokwisha kuagana na mkewe akanivuta pembeni.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Ule mkono ungelala lini?"

Angeweza kuniuliza lolote. Nikamwambia, "Ulikuwa umebaki kidogo. Mashimo matatu, manne."

Akacheka, akanipiga begani. "Nilijua! Haraka zangu hizi." Akapanda lori.

Aliuawa mwezi wa tatu, ng'ambo ya mto Kagera, ndani kabisa kwa adui. Ilikuja barua, Bulugu akaisoma akiwa amesimama mlangoni kwa Deodata, akaisoma vibaya kwa sababu alikuwa analia. Mwili haukuja. Mwaka huohuo mkoa wetu ukaacha kuitwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera. Watu walisherehekea ushindi barabarani, nami nilikuwemo, nilipiga makofi.

Siku ya kuanua matanga wazee waligawa vitu vyake. Panga alipewa mdogo wake, koti alipewa baba yake. Ubao wa bao, ambao Pancras alikuwa ameuchonga mwenyewe, wakasema ni wangu, kwa kuwa ndiye niliyecheza naye maisha yote. Niliuacha palepale ulipokuwa nikaenda nyumbani.

Baada ya wiki mbili Deodata akaja nao kichwani. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri. Zita alikuwa anatembea nyuma yake ameshika upindo wa kitenge.

"Shemeji," akasema, "wamesema huu ni wako."

"Ukae nao tu, Mama Zita."

"Utauchukua. Lakini kwanza nionyeshe mlivyokuwa mmekaa siku ile." Akauweka chini, akafungua fundo la kitenge akamwaga kete. "Aliniandikia akiwa kule. Alisema nikwambie akirudi mtaurudia ule mchezo, maana haraka zake ndizo zilizomponza. Sasa nataka nione."

Nilikaa. Mikono ilikuwa inajua mpangilio kuliko mimi. Niliweka kete zake Pancras safu ya nyuma. Niliweka zangu, moja moja, na nilipofika ya mwisho nikaiweka shimo la pembeni, sio pale ilipokuwa siku ile. Nilijua ikikaa pale mkono unalala mzunguko wa pili.

"Ilikuwa hivi?"

"Hivi."

"Alipoondoka?"

"Alipoondoka."

Akachota mwenyewe. Sikuwahi kumwona mwanamke akipanda kete, na alipanda bila kusita, kama mtu aliyefanya hivyo miaka. Alizunguka mara moja. Mara ya pili kete ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Mkono ukalala.

Alibaki ameinama.

"Kwa hiyo angekaa," akasema.

"Ndiyo."

"Dakika moja."

"Labda mbili."

"Dakika mbili. Halafu ingekuwa zamu yake, naye alikuwa na kete nyingi. Angeshinda." Alianza kutikisa kichwa. "Kwa ajili ya majembe. Mpumbavu yule. Ana mtoto ndani, anakimbilia majembe! Nani alimwambia majembe ni yake? Si wangengoja? Si wangengoja tu, mjinga mkubwa, mjinga…" Alikuwa anapiga ubao kwa kiganja, kete zinaruka, na Zita akaanza kulia kwa kumwona mama yake.

Nimesikia wajane wengi wakilia, hasa mwaka ule. Sijasikia mwingine akimtukana marehemu wake kwa kosa langu mimi.

Nilizirudisha kete mahali pake. Ile ya mwisho nikaitoa pembeni nikaiweka shimo lake la kweli.

"Haikuwa kule," nikasema. "Ilikuwa hapa. Panda."

Alinitazama, akafuta uso kwa kitenge, akachota. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Alikuwa anapanda haraka mwanzoni, akitafuta mahali utakapolalia. Wa tano akapunguza mwendo. Wa saba vidole vyake vilikuwa vinaweka kila kete kwa uangalifu, kama anaogopa kuiamsha.

"Unalala lini?" akauliza.

"Haulali."

Hakuacha kupanda. "Ulijua?"

"Nilijua kabla hatujakaa. Ndiyo sababu nilisema tucheze bao. Na saa ile niliichagua kwa ajili ya kengele."

Kete moja, nyingine, nyingine. Nilijiandaa apige kelele, majirani waje. Ningependa hivyo.

"Na yeye ulimwambia nini, pale kwenye lori? Niliwaona mnaongea."

"Nilimwambia ulikuwa umebaki kidogo."

Mkono wake ulisimama hewani, kete moja kati ya vidole. Kisha ukashuka, ukaiweka.

"Kaa hapohapo," akasema. "Usinyanyuke."

Nikakaa. Rimu ikagongwa. Watu walipita mbele ya nyumba wakiwa na majembe mabegani, stoo alikuwa anafungua mtu mwingine, wakatuona, mwanamke na mwanamume kwenye ubao, wakashangaa. Zita alilala kwenye mguu wa mama yake. Miguu yangu ilikufa ganzi. Mvua ilinyunya ikaacha. Aliendelea kupanda, hakunitazama, na mimi nilitazama kete zinavyokwenda na kurudi, na niliona ni mchezo mbaya kuliko nilivyoudhani, hauna hata kitu cha kutazama.

Watu waliporudi toka shambani ndipo alipoacha. Hakusema ameshinda wala ameshindwa. Alikusanya kete zote, zangu na za Pancras, akazifunga kwenye fundo la kitenge, akamwinua mtoto.

"Ubao ni wako," akasema.

Jumapili baada ya misa nilimweleza Audax yote, nje ya kanisa, watu wakisikia. Nikaomba kanuni ya kunyanyuka ifutwe na mkono usiolala ukatwe. Bulugu aliuliza adhabu yangu iwe nini. Haikupangwa mpaka leo. Faustini ndiye aliyesema mizunguko iwe mitatu, akaenda zake, na sijacheza naye tena.

Ubao ninao bado. Tunachezea vijiwe, maana kete Deodata hakurudisha na mimi sijaziomba. Tukikutana njiani ananisalimia. Anasema habari za asubuhi, kama anavyomwambia mtu yeyote anayeshuka kwenye basi. Shemeji haniiti.